Mkono Unaofuata

Kijana anayezoa taka mtaani kwetu huja na guta kila Alhamisi, saa mbili asubuhi, kabla jua halijakaza. Ana namna yake ya kufanya kazi: hunyanyua kiroba, hukishindilia kwa kiganja mara mbili tatu hewa itoke, ndipo hukirusha juu ya vingine. Miaka michache iliyopita alishindilia cha kwetu, akaurusha mkono juu kama mtu aliyeshika mkaa. Katikati ya kiganja palikuwa na tone moja la damu, dogo kama punje ya ulezi. Wakati ule mama alikuwa akiishi nami, anajichoma insulini kila siku asubuhi na jioni, na mimi ndiye niliyekuwa nikizikusanya zile sindano na kuzitumbukiza kirobani pamoja na maganda ya ndizi.

Nilimpeleka zahanati asubuhi ile ile. Tukaambiwa tumefanya vema kuwahi, kwa sababu dawa za kukinga maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyosaidia, kisha humezwa siku 28. Mama naye akapimwa, akaonekana hana tatizo, tukashusha pumzi. Njiani kurudi yule kijana hakunilaumu sana. Alisema neno moja tu: "Lakini dada, si ungeniambia?"

Ningeweza kumwambia. Ingenigharimu dumu moja tupu la mafuta ya kula na kalamu ya wino mzito. Tangu siku hiyo, kabla sijatupa kitu chochote chenye makali au sumu, hujiuliza mkono unaofuata kukigusa ni wa nani.

Swali hilo lina maana zaidi kwetu kuliko kwenye miji ambayo gari maalumu hupita kuchukua makopo ya rangi na betri. Tanzania tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zipo kanuni za taka hatarishi, na NEMC, taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, ndiyo ya kuulizia vibali vya wanaozikusanya. Lakini vibali hivyo vinawafikiria zaidi wenye viwanda, magereji na hospitali. Kikopo chako cha dawa ya mende hakuna atakayekipigia hodi. Kitakwenda na kiroba hadi jalani, na kwa sisi wa Dar es Salaam jalani ni Pugu Kinyamwezi. Kati ya mlango wako na Pugu wapo wengi: binti anayekusaidia kazi, mtoto wa jirani anayependa kupekua, mzoa taka, muokota chupa, mnunuzi wa skrepa, na mbuzi wasio na mwenyewe. Kwa hiyo ushauri wangu hauanzii jalani. Unaanzia kabatini.

Nianze na chupa, maana hapo ndipo watoto wanapoumia. Mafuta ya taa bado yananunuliwa kwa kupimiwa, na chombo cha kwenda nacho dukani ni chupa ya soda. Jik hununuliwa dumu kubwa, majirani wawili wakagawana, mmoja akaondoka na yake kwenye chupa ya maji ya kunywa. Fundi wa marumaru akimaliza kazi huacha asidi kidogo "ya kusafishia baadaye", nayo utaikuta kwenye chupa ile ile ya maji, imesimama kwenye kona ya bafu. Mtoto wa miaka mitatu mwenye kiu hasomi kibandiko. Anasoma umbo la chupa, na umbo hilo amefundishwa nyumbani kwamba ni la kitu kitamu.

Ikitokea mtoto amekunywa mafuta ya taa, usimtapishe. Najua bibi zetu walikimbilia maziwa, na wengine humtia mtoto kidole kooni. Vyote viwili viache. Mafuta ya taa yakiwa tumboni hayana madhara makubwa kama yakiingia mapafuni, na njia rahisi ya kuyafikisha mapafuni ni kutapika. Hali kadhalika asidi: imeunguza koo ikishuka, ukimtapisha itaunguza tena ikipanda. Mbebe mtoto, ibebe na chupa yenyewe, nendeni hospitali. Chupa ni muhimu kwa sababu daktari atauliza swali moja tu la maana, nalo ni "alikunywa nini?"

Swali hilo hilo ndilo linalonifanya niogope sana wale wauzaji wanaopita na kipaza sauti wakitangaza sumu ya panya, mende na kunguni. Bei nafuu, na panya kweli wanakufa. Lakini pakiti haina jina la dawa, haina kipimo, haina lolote ila labda picha ya panya. Daktari akiambiwa "ni ile ya mia tano ya barabarani" atakuwa anatibu gizani. Usiinunue. Kama unayo tayari, usiimwage uani wala chooni. Itie ndani ya chupa ya plastiki yenye kizibo kigumu, andika SUMU, ifungie juu ambako mtoto hafiki, na siku ukienda ofisi ya kata mtafute bwana shamba umwulize pa kuipeleka. Panya waliokufa kwa sumu wazikwe, tena shimo la kwenda chini, maana paka na kunguru hawaulizi marehemu alikufa kwa nini.

Wenye mashamba na bustani wana kisa chao cha madumu. Dumu la dawa ya pamba au nyanya ni zuri, gumu, lina mkono, na maji hufika nalo nyumbani bila kumwagika. Hilo ndilo tatizo. Plastiki hunywa dawa, na hata ukiliosha kwa sabuni na mchanga mpaka likang'aa, bado limebaki na kitu ndani ya ngozi yake. Likiisha dawa, suuza mara tatu, na kila suuzo limimine kwenye bomba la kupulizia ukamalizie kwenye mimea ile ile, kisha litoboe matundu chini na ubavuni. Dumu lililotobolewa haliwezi kugeuzwa la maji, hata likiangukia mikononi mwa mtu asiyejua historia yake.

Kosa lingine la chupa ni lile la mwanamke nadhifu, na mimi nilikuwa mmoja wao: kukusanya mabaki yote ya dawa za usafi na kuyamimina pamoja, eti yaishe kwa mara moja. Jik ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Jik ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine mbaya isiyopishana nayo sana, na amonia haitoki dukani tu. Choo cha shimo kimejaa mkojo, na mkojo una amonia. Watu wamedondoka chooni kwa usafi. Mabaki ya Jik yapunguze makali kwa maji mengi, deki bafu, yaishe. Kwa dawa nyingi za nyumbani, kumaliza ndiko kutupa kuzuri kuliko kote, na kununua chupa ndogo ni kuzuri zaidi, hata kama muuza duka atakuhesabia jinsi kubwa inavyookoa hela.

Rangi ni hivyo hivyo. Kopo lililobaki robo mpe jirani anayepaka geti. Ya maji iliyobaki kidogo kabisa, tia mchanga au vumbi la mbao, iache wazi juani mpaka igande, ndipo itupwe. Ya mafuta na tina yake mpe fundi rangi. Tina iliyotulia siku mbili hujichuja, uchafu ukazama, na fundi akaitumia tena. Oili chafu ya gari irudi gereji kwenye pipa la oili chafu. Wapo wanaoimwaga uani ili vumbi litulie. Vumbi hutulia kweli, kisha mvua za masika zinaibeba hadi kisimani.

Sasa sindano, kwa kuwa nina deni nazo. Tafuta dumu la plastiki ngumu lenye mdomo mwembamba: la mafuta ya kula, la sabuni ya maji, lolote ambalo sindano haiwezi kulitoboa. Chupa ya maji ya kunywa ni laini mno, haifai. Usirudishe kifuniko cha sindano kwa mikono miwili, maana wengi huchomwa hapo hapo. Idumbukize ilivyo, mara tu baada ya kujichoma. Dumu likifika robo tatu, basi. Funga, zungushia gundi ya karatasi, andika SINDANO pande zote mbili kwa herufi za kusomeka kutoka mbali, na ulipeleke kwenye kliniki ya kisukari siku ya kuchukua dawa. Wao wana maboksi yao ya vitu vyenye ncha, na yanakwenda kwenye tanuri. Siku ya kwanza nilipopeleka la mama, muuguzi alilitazama kama nimemletea nyoka. Ya pili alilipokea. Ya tatu akaniuliza kama naweza kuwaeleza wagonjwa wengine kwenye benchi, nikawaeleza.

Vidonge vilivyopitwa na wakati vianzie famasi au hospitali. Uliza kwa upole kama wanapokea. Wakikataa, vitoe kwenye pakiti, changanya na majivu au machicha ya chai yaliyolowana, tia ndani ya chupa, funga, ndipo uweke kwenye taka. Machicha ni ya kumkinaisha yule atakayeokota. Kuna mtu anaokota dawa, anaziosha, anaziuza. Dawa za kuua bakteria usizimimine chooni, kwa sababu wadudu wa huko chini nao hujifunza kuzizoea. Na kama mgonjwa wenu wa saratani alikuwa akipewa mofini ya maji, akifariki, iliyobaki irudi hospitali ile ile iliyoitoa. Katika vurugu za msiba chupa hiyo husahaulika dirishani, nayo ni hatari kuliko vyote nilivyovitaja katika aya hii.

Nikija kwenye betri, naomba tukae kidogo.

Sisi tuliosoma shule za msingi za zamani tuliziponda betri za tochi kwa jiwe, tukachukua ule weusi, tukauchanganya na mkaa na majani mabichi, tukapaka ubao. Mikono ikiwa myeusi hadi viwikoni tulionekana wanafunzi wenye bidii. Sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetuambia tunawe kabla ya uji. Betri hizo za tochi na redio, ukilinganisha na nyingine, ni pole. Zikusanye kwenye chupa kavu, usizichome, usizitumbukize chooni. Zile ndogo za duara, kama kitufe, za saa na rimoti na midoli, ndizo zenye ukatili. Mtoto akiimeza ikanasa kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili, na mzazi akadhani ni mafua. Ukihisi imemezwa, mbio hospitali, bila kungoja kesho. Zilizoisha zifungie gundi juu na chini, moja moja, uziweke juu kabisa.

Betri ya simu iliyovimba usiitoboe "itoe hewa". Usiichaji mara ya mwisho ili uhamishe picha. Iondoe ikitoka bila kulazimishwa, ilaze ndani ya kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na mkaa na gesi. Ikipondwa ndani ya guta inawaka, na guta lote limejaa makaratasi.

Lakini iliyo mbaya kuliko zote ni ile ambayo tunadhani ina faida: betri ya gari, na siku hizi ya sola. Ndani yake mna asidi na mabamba ya risasi. Lugha yetu imeyapa madini hayo jina moja na risasi ya bunduki; ile ya bunduki walau ina mlio. Mjomba wangu alikuwa mvuvi Pangani. Akipata betri iliyokufa alimwaga maji yake mchangani nyuma ya nyumba, akaipasua, akayeyusha mabamba kwenye sufuria kuukuu juu ya mafiga, akamimina kwenye vitundu alivyochimba mchangani, na hapo amepata chubwi za mshipi wake za mwaka mzima. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, kazi ndogo kwa jiko la mkaa. Sisi watoto tulichuchumaa kuzunguka lile jiko kwa sababu risasi iliyoyeyuka inapendeza, inang'aa kama kioo kinachotikisika. Sufuria ile baadaye ilichemshia maji ya kuoga.

Madhara ya risasi hayana harufu wala homa. Huingia kwa vumbi na moshi, na kwa mtoto hushambulia ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, mahali ambapo watu walikuwa wakivunja betri na kuchekecha udongo wa risasi majumbani mwao. Na hapa jirani kabisa, Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilipakana na nyumba za watu. Phyllis Omido aliajiriwa hapo. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Mama huyo aligeuka mpiganaji, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ambayo rufaa zake zilifika hadi Mahakama ya Juu.

Kwa hiyo betri ya gari au ya sola iliyokufa iende nzima, na asidi yake ndani, imesimama wima, kwa muuzaji wa betri anayepokea kuukuu. Wengi hupunguza bei ya mpya ukirudisha ya zamani; ulizia kabla hujalipa. Akija mnunuzi wa skrepa akakwambia "imwage maji kwanza, ni nzito", usimuuzie. Anayeomba hivyo anakwenda kuivunjia uani kwake, na uani kwake kuna watoto.

Wasomaji wa Nairobi mna nafuu kwa simu na kompyuta zilizokufa, maana WEEE Centre inapokea vifaa vya umeme. Rwanda kuna kiwanda cha Bugesera. Huku Tanzania, ofisi ya kanda ya NEMC ndiyo ya kuulizwa nani ana kibali cha kuzichukua. Mtu mmoja na chaja mbili hawatamshughulikia. Mtaa mzima ukikusanya kwa miezi sita, mjumbe akaandika barua, mazungumzo yanabadilika.

Halafu kuna moto, ambao kwetu ndio jibu la kila kitu. Jioni ya Jumamosi kila ua una moshi wake. Kopo la dawa ya mbu ya kupulizia likitiwa motoni linapasuka kama baruti. Lipulize nje mpaka likate pumzi, usilitoboe, lipe wa skrepa. Plastiki za mabomba na waya zinatoa moshi wenye dioksini. Na hata moto ukishazimika bado majivu yapo, ambayo mama zetu wametufundisha kwamba ni mbolea. Majivu ya kuni, sawa. Majivu yenye betri na rangi ndani yake ukiyamwaga kwenye tuta la mchicha, mchicha utaukuta mezani.

Ndani ya stoo yangu sasa kuna ndoo nyeupe yenye mfuniko, juu ya rafu ya mwisho. Ndiyo mpango wangu wote. Humo hakuingii kitu bila jina na tarehe, vimiminika havikai pamoja na betri, na kila baada ya miezi mitatu naitoa na kuamua kila kitu kiende wapi. Vingi vimekwenda: kliniki, gereji, kwa fundi, kwa muuza betri. Kimoja kimegoma.

Mwaka jana mjukuu aliangusha kipimajoto cha zamani cha mama, cha kioo. Zebaki ikatawanyika sakafuni, shanga za fedha zikikimbizana. Nilitoa watoto nje, nikafungua madirisha, nikavua pete, maana zebaki hula dhahabu. Hazifagiwi, kwa kuwa ufagio huzivunja zikawa ndogo zaidi na nyingi zaidi. Nilizisogeza kwa kadi mbili ngumu mpaka zikaungana, nikazinyonya kwa bomba la sindano lisilo na ncha, na zile ndogo ndogo nikazibandua kwa gundi ya karatasi. Zote, pamoja na kadi na gundi, zikaingia kwenye chupa ya jemu yenye maji kidogo, kifuniko kikakazwa. Taa zile nyeupe za kujisokota zina zebaki pia, kidogo mno, lakini zikivunjika utaratibu ni huo huo: watoto nje, madirisha wazi, gundi badala ya ufagio.

Jirani yangu mmoja ana ndugu anayechimba dhahabu Chunya. Aliposikia, akaniomba ile chupa ampelekee, eti kule inahitajika. Najua inavyotumika kule: inachanganywa na mchanga wa dhahabu kisha inachomwa, mara nyingine kwenye jiko la nyumbani. Nikamwambia sina ruhusa ya kuitoa, jambo ambalo si kweli, ila lilimaliza mjadala. Zahanati walisema ni ya hospitali ya wilaya. Hospitali ya wilaya walisema nirudi mwezi ujao mhusika akiwepo. Mwezi ujao ni huu, na mhusika hukaa Jumanne. Chupa imesimama kwenye ndoo, imeandikwa ZEBAKI, USIFUNGUE, na chini yake namba yangu ya simu.